Kabureta au Nozeli: Namna ya Kulichagulia Gari la Kale Mfumo wa Mafuta

Swali hili huja karibu kila wiki na sura yake ni moja. Mtu amepata gari la miaka ya sitini au sabini, amelifufua, linawaka, lakini asubuhi linasumbua, mchana wa jua kali linazima kwenye foleni, na mtu mwenye gari la kisasa amemshauri ang'oe kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, afunge mfumo wa nozeli unaopuliza petroli kwa presha na kuongozwa na kompyuta. Anauliza: nifunge au nisifunge? Jibu halipatikani kabla gari lenyewe halijapimwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vipimo hivyo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kabureta ndiyo kipuri kinachosingiziwa kuliko vyote chini ya boneti, na mfumo wa nozeli ukifungwa juu ya injini mgonjwa hauiponyi, bali huuficha ugonjwa kwa muda, kisha siku unapojitokeza unakuwa na waya na sensa za kuchunguza juu ya yale yale uliyoyakimbia. Mfumo wa nozeli ni mzuri sana mahali pake. Lakini unaanzia kwenye tangi na kuishia kwenye ekzosi, kwa hiyo anayedhani ananunua kipuri kimoja cha kuweka mahali pa kingine atashangaa.

Gari linalozungumzwa hapa ni la petroli lililotoka kiwandani na kabureta. Yapo magari ya kale yaliyozaliwa na nozeli, kama Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 yenye pampu ya kimakanika, au Volkswagen 1600 iliyopewa mfumo wa umeme wa Bosch D-Jetronic mwaka 1967. Kama lako ni la kundi hilo, lirekebishe kwa mfumo wake wa asili na usilipime kwa hatua hizi.

Nadharia kidogo, ya kutosha tu

Kabureta haisukumi mafuta. Hewa inayonyonywa na injini hupita kwenye koo jembamba, kasi yake huongezeka na shinikizo hushuka, na upungufu huo ndio unaoyavuta mafuta kutoka chumba cha boya, yaani kibakuli kidogo cha mafuta ndani ya kabureta, kupitia jeti, tundu dogo lililopimwa. Nozeli hufanya kinyume: pampu ya umeme hulijaza bomba mafuta yenye shinikizo kubwa, na kompyuta huamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani, ikitegemea sensa za hewa, joto, mzunguko wa injini na oksijeni iliyobaki kwenye moshi.

Mifumo ya kufungiwa magari ya kale iko ya aina mbili kuu. Ya kwanza hukaa pale pale palipokuwa kabureta, ikiwa na vipepeo (sahani zinazofungua na kufunga njia ya hewa) na nozeli ndani ya boma moja, na manifoldi ya asili, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, hubaki. Ya pili huweka nozeli moja kwa kila silinda karibu na valvu ya kuingizia. Hugawa mafuta kwa usawa zaidi, ila hudai manifoldi nyingine au kuchonga ile iliyopo. Anayeanza na achague ya kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha huduma cha gari lako, toleo la mwaka wake hasa.
- Geji ya kompresheni na geji ya vakyumu.
- Taa ya taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, na filagaji ya kupimia mianya ya plagi na ya pointi, zile swichi ndogo zinazokata umeme wa koili ili plagi ipige cheche.
- Multimita, pamoja na klampu ya kupimia ampea kama utaweza kuazima.
- Geji ya presha ya mafuta inayosoma vizuri chini ya baa 1. Geji ya mifumo ya nozeli haifai hapa, kwani baa 0.2 haionekani juu yake.
- Seti ya gasketi za kabureta na sindano mpya ya boya.
- Chupa ya kunyunyizia maji, chupa safi ya kupimia mafuta, na kizima moto cha unga kilicho karibu na mkono wako.
- Daftari. Usitegemee kichwa, ukishabadilisha vitu vitatu hutakumbuka kipi kilibadilisha nini.

Fanya kazi mahali penye hewa, injini ikiwa baridi kila unapofungua bomba la mafuta, na waya hasi wa betri ukiwa umetolewa pale ambapo huhitaji kuizungusha injini. Katika magari ambayo ncha chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, toa hiyo.

Hatua ya 1: Andika matumizi ya gari kwa ukweli

Kaa na daftari uandike gari linatembea siku ngapi kwa mwezi, safari ndefu kuliko zote ni ya kilomita ngapi, kama linapanda na kushuka milima, kama wengine watakaoliendesha wanajua kuvuta choki ya kuwashia injini baridi, na kama unakusudia kulipeleka kwenye maonyesho au kuliombea cheti cha gari la kihistoria. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hutaka gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi na lihifadhiwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na kabureta iliyotoweka ni moja ya vitu ambavyo mkaguzi huviona mara boneti inapofunguka.

Usiandike unavyotamani kulitumia. Gari linalotoka Jumapili mbili kwa mwezi liandikwe hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Pima afya ya injini

Ipashe injini joto, toa plagi zote, kata umeme wa koili, kanyaga mafuta hadi mwisho ili kipepeo kifunguke chote, kisha pima kompresheni ya kila silinda kwa idadi ile ile ya mizunguko. Tofauti kati ya silinda bora na dhaifu ikizidi asilimia 15 hadi 20, acha habari ya mfumo wa mafuta. Tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena: kipimo kikipanda, pete za pistoni zimechoka, kisipopanda, tazama valvu au gasketi ya kichwa.

Rudisha plagi, unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi, na uiache injini kwenye sailensi, yaani inguruma bila kukanyagwa. Injini nzima yenye kemshafti ya kawaida husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki karibu na usawa wa bahari, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mshale uliotulia lakini uko chini unaashiria taimingi iliyochelewa au hewa inayoingia pasipofaa. Mshale unaodunda kwa mpigo ule ule unaashiria valvu. Andika namba hiyo, kwa maana utairudia.

Hatua ya 3: Shughulikia moto wa plagi kabla ya mafuta

Hapa ndipo wengi huruka, nami niliwahi kuruka. Gari langu lilikuwa likikatika kila nilipoanza kukanyaga mafuta kutoka mwendo wa taratibu, dalili ambayo kila fundi huitaja kuwa ni kabureta. Niliifungua kabureta mara tatu, nikabadilisha jeti, nikanunua pampu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mfumo wa nozeli wa kuagiza siku nilipotoa kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi, ili kusafisha tu, nikaushika ule waya mwembamba unaokwenda kwenye pointi. Ganda lake la plastiki lilikuwa zima kabisa. Nilipoukunja kwa kidole ulilegea kama uzi uliolowa, kwa sababu shaba yote ya ndani ilikuwa imekatika na ncha zake zikigusana kwa bahati. Kila nilipokanyaga mafuta, vakyumu ilivuta sahani ya distribyuta, waya ukanyooka, moto ukakatika. Kipande cha waya cha urefu wa kidole kilimaliza yote.

Kwa hiyo fanya yafuatayo kwa mpangilio huu. Kagua kifuniko cha distribyuta na rota kwa nyufa na mistari myeusi. Kunja kila waya uliomo ndani ya distribyuta. Weka mwanya wa pointi kama kitabu kinavyosema. Katika magari mengi ni kati ya milimita 0.35 na 0.45. Shika shafti ya distribyuta uitikise kando. Ikicheza, mwanya hautatulia hata ukiuweka mara kumi. Kisha, na si kabla, weka taimingi kwa taa, kwa kuwa mwanya wa pointi ukibadilika taimingi nayo hubadilika. Mwisho, nyonya bomba la vakyumu la distribyuta kwa mdomo uone kama sahani inasogea na kubaki hapo. Isipobaki, diaframu imetoboka.

Kama pointi zimekuchosha, kuna moduli ndogo za umeme zinazokaa ndani ya distribyuta ile ile. Badiliko hilo dogo huondoa malalamiko mengi yanayowapeleka watu kwenye nozeli, na kutoka nje halionekani.

Hatua ya 4: Tafuta hewa ya wizi na upime mafuta yanayofika

Injini ikiwa ya uvuguvugu na kwenye sailensi, nyunyiza maji kidogo kidogo kuzunguka shina la kabureta, gasketi ya manifoldi, na pande mbili za shafti ya kipepeo. Sauti ya injini ikibadilika, maji yameziba tundu kwa sekunde moja, nawe umelipata. Usitumie petroli wala kimiminika kinachowaka kwa kazi hii, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo miaka yote.

Kisha kata umeme wa koili, toa bomba la mafuta linaloingia kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa, na mtu mwingine azungushe injini kwa stata. Kwa injini ndogo, nusu lita kwa dakika hutosha. Presha nayo ipimwe: kabureta nyingi za Ulaya, zikiwemo SU, Solex na Weber, hufanya kazi kati ya baa 0.15 na 0.35, na zile kubwa za Kimarekani hufika karibu baa 0.5. Pampu ya umeme yenye nguvu kuliko hapo huishinda sindano ya boya, kabureta hufurika, na lawama huiangukia kabureta.

Iache chupa ile itulie kwa robo saa, kisha iangalie dhidi ya mwanga. Maji hukaa chini kama tone linalotembea; kutu hukaa kama vumbi jekundu. Ukiona kimojawapo, tangi lako linahitaji kusafishwa, uchague mfumo wowote ule.

Hatua ya 5: Ihudumie kabureta ipasavyo, halafu liendeshe gari

Fungua, safisha kila njia kwa hewa ya kompresa, weka gasketi na sindano mpya, na upime kimo cha boya kama kitabu kinavyoelekeza. Tikisa boya karibu na sikio: likisikika majimaji ndani, limetoboka. Angalia pampu ndogo ya kukanyagia. Ukisukuma mkono wa kipepeo injini ikiwa imezimwa, utaona mchirizi wa mafuta unaoanza papo hapo, si baada ya nusu ya safari ya kipepeo. Kabureta za SU hazina pampu hiyo, zina oili kwenye mnara wake wa juu, na upungufu wa oili hiyo hufanya gari lisite unapokanyaga ghafla.

*Tahadhari:* usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita, na mkwaruzo mmoja hukubadilishia mchanganyiko bila wewe kujua. Hewa na kisafishaji vinatosha.

Shafti ya kipepeo ikicheza sana mahali inapopita kwenye boma, gasketi mpya hazitasaidia. Boma lichongwe na kuwekewa bushi, au utafute kabureta nyingine. Kabureta iliyofikia hapo nakubali kuwa ni sababu halali ya kufikiria nozeli.

Baada ya huduma hiyo liendeshe gari kwa wiki mbili za matumizi yako ya kawaida, ukiandika kila linaposumbua: lilikuwa baridi au moto, lilipanda au lilisimama, tangi lilikuwa na kiasi gani. Watu wengi huishia hapa, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuandika.

Hatua ya 6: Pima umeme

Kama malalamiko bado yapo na nozeli zinakuvutia, anza na betri. Ikiwa imepumzika isome volti 12.6, na injini ikizunguka isome kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa kubwa, feni na waipa, uipime tena kwenye sailensi. Ikishuka chini ya volti 13, mfumo wa kuchaji hautabeba mzigo mpya.

Magari mengi ya Uingereza ya zama hizo yalifungwa dainamo ya Lucas C40, ambayo hutoa ampea 22 tu na karibu hakuna chochote injini ikiwa kwenye sailensi. Piga hesabu: taa mbili za wati 55 hula zaidi ya ampea 9, koili hula kama 4, waipa 3 au 4, na pampu ya nozeli peke yake hula 5 hadi 10. Hapo kompyuta bado haijala. Mwenye dainamo ahesabu alterneta, mashine ya kuchaji yenye nguvu zaidi, kuwa sehemu ya gharama ya nozeli, na mwenye gari ambalo ncha chanya ya betri imefungwa kwenye bodi ahesabu pia kuligeuza liwe la ncha hasi, pamoja na redio na geji zinazoathirika, kwa sababu kompyuta za nozeli hutaka hasi kwenye bodi.

Hatua ya 7: Chunguza tangi na mabomba

Hatua hii ndiyo inayoamua mengi, nayo haionekani kwenye picha za matangazo. Chumba cha boya cha kabureta ni akiba ndogo: ukikata kona tangi likiwa chini na pampu ikavuta hewa kwa sekunde mbili, akiba hiyo huibeba injini nawe hutahisi lolote. Mfumo wa nozeli hauna akiba ya namna hiyo. Hewa ikiingia kwenye pampu presha huanguka na injini hukatika papo hapo, katikati ya kona.

Fungua tundu la geji ya tangi uchungulie kwa taa ya betri isiyotoa cheche. Tafuta kutu, na tafuta ukuta wa ndani unaozuia mafuta kukimbilia upande mmoja. Matangi mengi ya zamani hayana. Suluhisho ni mawili: kuweka pampu ndani ya tangi ikiwa na kikombe chake cha kuhifadhi mafuta, au kufunga kitangi kidogo cha kati kinachojazwa na pampu ya presha ndogo, na pampu kubwa ivute humo.

Mpira wa zamani wa mafuta nao hautumiki. Nozeli hufanya kazi kwa baa 3 hadi 4, takriban mara kumi au zaidi ya kabureta nyingi, na mpira uliotengenezwa kwa presha isiyofika baa moja huvimba na kupasuka juu ya ekzosi ya moto. Tafuta mpira ulioandikwa SAE J30 R9, na klipu laini zisizo na meno yanayoukata. Iwapo petroli unayopata ina ethanoli, mipira ya kale ibadilishwe hata kama unabaki na kabureta.

*Tahadhari:* tangi lililowahi kuwa na petroli halichomelewi na mtu asiye na vifaa vya kulisafisha na kulipima mvuke. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa.

Hatua ya 8: Kagua ekzosi

Sensa ya oksijeni hutaka bomba lisilovuja. Tundu dogo mbele yake huvuta hewa ya nje, sensa huona oksijeni nyingi, na kompyuta huongeza mafuta yasiyohitajika. Silinda inayomisi hudanganya vivyo hivyo, kwa kuwa hewa yake hutoka bila kuungua. Ndiyo maana hatua ya 3 ilitangulia.

Hatua ya 9: Amua

Baki na kabureta ikiwa gari linatembea mara chache, ikiwa uhalisi wake una thamani kwako au kwa mkaguzi, ikiwa tangi na umeme vimeonekana kudai kazi kubwa, au ikiwa utapita mbali na fundi yeyote mwenye kompyuta ya kuchunguza. Kabureta ikikataa njiani hufunguliwa kwa bisibisi na spana mbili. Kompyuta iliyoungua hukungojesha.

Funga nozeli ikiwa gari ni la kila siku au la safari ndefu, ikiwa linaendeshwa na watu mbalimbali, au ikiwa linabadilisha mwinuko sana. Ukifika mita 1500 juu ya usawa wa bahari hewa huwa imepungua uzito kwa takriban asilimia 14. Kabureta iliyowekwa bondeni humwaga mafuta mengi mno huko juu, wakati kompyuta hujirekebisha yenyewe. Joto nalo ni hoja nzito: mafuta yaliyo chini ya presha kubwa hayachemki kwa urahisi.

Usifunge nozeli kwa kutaka nguvu peke yake. Kabureta iliyowekwa sawasawa, injini ikikanyagwa hadi mwisho, haiachwi nyuma kwa kiasi ambacho utakihisi kwenye kiti. Faida ya nozeli iko asubuhi, kwenye foleni, mlimani na kwenye kituo cha mafuta.

Na kama bado unasitasita, baki na kabureta mwaka mmoja zaidi. Kubaki hakuharibu kitu.

Hatua ya 10: Kwa aliyechagua nozeli, fuata mpangilio huu

1. Maliza kwanza tangi, chujio, pampu na mabomba. Chujio la maikroni 100 likae kabla ya pampu, na la maikroni 10 baada yake. Pampu iliyo nje ya tangi iwe karibu nalo na chini yake, kwani pampu hizi husukuma vizuri lakini hunyonya vibaya. Bomba la kurudishia mafuta lirudi tangini, kama mfumo wako unalihitaji.
2. Funga umeme: relei, fyuzi, na swichi ya ajali inayokata pampu gari linapogongwa. Waya mkuu wa kompyuta na wa bodi uende moja kwa moja kwenye betri.
3. Badilisha waya za plagi za shaba tupu kwa zile zenye ukinzani. Waya za kale hupiga mawimbi yanayoichanganya kompyuta.
4. Choma kitako cha sensa ya oksijeni baada ya mabomba kuungana, upande wa juu wa bomba, ili maji ya mvuke yasiikalie. Kompyuta iwe imetolewa gari linapochomelewa, na usizungushe injini sensa ikiwa imefungwa bila umeme, kwa kuwa masizi huiua.
5. Mwisho ndipo utoe kabureta. Ifunge kwenye mfuko pamoja na gasketi, boliti na mkono wa kanyagio wa asili, uandike juu yake, uihifadhi. Atakayelinunua gari hili baadaye atakushukuru.
6. Kabla ya kuwasha, fungua swichi mara kadhaa pampu ijaze bomba, ukague kila kiungo kwa kidole na pua. Ingiza kwenye kompyuta ukubwa wa injini, idadi ya silinda na kasi ya sailensi. Kisha washa.

*Tahadhari:* mifumo inayojifunza yenyewe hujifunza ndani ya mipaka. Ukiona kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20 mahali pamoja, kuna tatizo la kimakanika, na kuendelea kuendesha ukitumaini litajifunza ni kupoteza petroli.

Yanayosumbua baadaye

*Kabureta: gari linazima au linagoma kuwaka baada ya kusimama dakika kumi kwenye joto.* Mafuta yamechemka kwenye chumba cha boya na kumwagikia kwenye manifoldi. Kanyaga mafuta hadi mwisho bila kupampu, uzungushe stata hadi liwake. Tiba ya kudumu ni kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, na kusogeza bomba la mafuta mbali na ekzosi.

*Kabureta: injini inaendelea kukoroma baada ya kuzimwa.* Angalia kasi ya sailensi, ambayo mara nyingi imepandishwa ili kufunika kasoro nyingine, kisha taimingi na masizi ndani ya silinda.

*Kabureta: petroli inanuka na plagi ni nyeusi.* Angalia choki isiyorudi mwisho, kimo cha boya, na presha ya pampu, kwa mpangilio huo.

*Nozeli: stata inazunguka lakini injini haiwaki, na inawaka ikisukumwa.* Pima volti kwenye kompyuta wakati stata inazunguka. Zikishuka chini ya 9 au 10, kompyuta hujizima. Betri iliyochoka au waya mbovu wa bodi ndiyo chanzo cha kawaida.

*Nozeli: linakatika kwenye kona au likiwa na robo tangi.* Rudi hatua ya 7.

*Nozeli: pampu inapiga kelele kali injini ikipata joto.* Inanyonya mafuta ya moto au chujio la kwanza limeziba. Fungua chujio ulimwage kwenye kitambaa cheupe. Kutu nyekundu ikionekana, tangi halikusafishwa vya kutosha.

*Nozeli: sensa ya oksijeni inakufa kila baada ya miezi michache.* Tafuta silikoni ya kawaida iliyotumika kwenye gasketi, mvuke wake huiua sensa. Tafuta pia injini inayokula oili. Petroli ya risasi haiuzwi tena kwa magari popote tangu mwaka 2021, lakini dawa zinazotiwa tangini kuchukua nafasi yake bado zipo, na baadhi yake huacha utando juu ya sensa. Kama valvu za gari lako zinahitaji kinga hiyo, kichwa cha injini kiwekewe viti vigumu vya valvu kabla sensa nyingine haijanunuliwa.